Dawa Yenye Shabaha: Tarihi ya Uchunguzi na Tiba Katika Bukoba na Muleba

Mji wa Bukoba uliasisiwa na tabibu. Emin Pasha, ambaye kwa jina la kuzaliwa aliitwa Eduard Schnitzer na ambaye elimu yake ya ujana ilikuwa ya utabibu, alitua katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria mwezi wa Novemba 1890, akajenga boma la Wajerumani mahali ulipo mji hata leo, kisha baada ya miezi michache akashika njia ya kwenda Kongo, ambako aliuawa mwaka 1892. Hakukaa akawatibu watu wa Buhaya, nchi ya Wahaya, wala hakuacha hospitali nyuma yake; lakini miaka michache tu baada ya kuondoka kwake, boma lile alilolijenga likawa mlango ambao matabibu wa Ulaya waliingilia na hadubini zao, na maradhi ya nchi yetu yakatoka kupitia mlango huo huo, ndani ya chupa na vitabu, kwenda kusomwa mbali.

Siku hizi wanazuoni wa dunia wanazungumza juu ya maada nyembamba mno, zenye unene wa atomu moja au chache tu, ambazo wanatumaini zitaweza kuitambua saratani ingali changa na kuiangamiza pasipo kumwangamiza mgonjwa. Msomaji wa Bukoba au wa Muleba aghalabu huzipokea habari hizo kama habari za watu wengine, zilizozaliwa Ulaya, Marekani na China, ambazo zitamfikia siku moja kama hisani ikiwa zitamfikia. Tarihi haikubaliani na dhana hiyo. Mambo mawili ambayo elimu hiyo mpya inayatafuta, yaani kuyajua maradhi mapema na kuyapiga maradhi peke yake, yalikwisha kutafutwa katika nchi hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sehemu ya gharama ya kuyatafuta ililipwa na miili ya wazee wetu.

Mwaka 1897 tauni ilikuwa Kiziba, ufalme wa kaskazini ya Bukoba ambao leo umo katika wilaya ya Missenyi. Watu wa Kiziba hawakuwa wajinga wa msiba huo. Walikuwa wametanabahi kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, mauti ya watu yatafuata, na kwa hiyo walipowaona panya waliokufa waliziacha nyumba na migomba yao wakahamia mahali pengine mpaka shari ipite. Huo ulikuwa uchunguzi wa kweli, uliopatikana kwa macho makini na kwa uchungu wa vifo vingi. Tabibu wa Kijerumani aliyeitwa Zupitza alikwenda huko, akachukua vielelezo kwa wagonjwa na kwa maiti, na vielelezo hivyo vikamfikia Robert Koch, bingwa wa elimu ya vijidudu, aliyekuwa Dar es Salaam wakati huo. Mwaka 1898 Koch aliitangazia dunia kwamba maradhi ya Kiziba yalikuwa tauni ile ile iliyokuwa ikiua watu katika Bara la Asia. Hivyo kilianza kitu ambacho hakijakoma hata sasa: kielelezo cha mgonjwa wa Buhaya husafiri safari ndefu kwenda kutafuta jina la maradhi, ilhali mgonjwa mwenyewe amebaki nyumbani akingoja.

Miaka kumi haikutimia, likaja janga jingine. Malale yalikuwa yameteketeza watu kwa maelfu katika visiwa na fuko za Uganda, na mwaka 1906 Koch alirudi Afrika ya Mashariki akiongoza msafara wa kuyachunguza, akapiga kambi katika visiwa vya Sese. Kiziba kwenyewe mbung'o hawakuwa tatizo. Bali watu wa Kiziba waliokwenda Uganda kutafuta riziki, hususan wale waliokusanya mpira wa mwituni, walirudi na maradhi damuni. Kwa ajili yao, katika zama za Mukama Mutahangarwa, mfalme wa Kiziba, Wajerumani walifungua kambi Kigarama mwaka 1907, na tabibu Robert Kudicke, mmoja wa wasaidizi wa Koch, akafanya kazi hapo.

Inafaa tuitazame kambi ya Kigarama kwa utulivu, maana ndani yake mna mbegu ya mengi yaliyofuata. Mtu aliyeshukiwa kuwa na malale alishikwashikwa shingoni ili kupapasa tezi zake. Tezi zikiwa zimevimba, sindano iliingizwa na umajimaji ukatolewa, ukatiwa chini ya hadubini, na mdudu wa malale akatafutwa. Akionekana, mgonjwa alipigwa sindano ya dawa iliyoitwa atoksili, ambayo asili yake ni aseniki, sumu maarufu tangu dahari. Matumaini yalikuwa makubwa mwanzoni, kwa sababu wagonjwa waliokuwa wakisinzia waliamka, na wadudu walitoweka katika umajimaji wa tezi. Lakini baada ya muda wadudu walirudi. Koch aliongeza kipimo cha dawa, na katika kambi zake za Sese watu zaidi ya 20 wakapofuka macho, upofu usio na marejeo. Habari za namna hiyo hazifichiki katika nchi ambayo watu wake hutembeleana na kusikilizana. Wagonjwa wengine wa kambi za ziwa walijiondokea kabla ya kutimiza siku zao, na hapana insafu katika kuwaita wakaidi watu walioyapima mambo kwa kuona waliyoyaona.

Wakati huo huo, mjini Frankfurt, mtaalamu mwingine wa Kijerumani alikuwa akitaabika na wadudu wa jamii ya yule wa malale katika panya wa maabara. Huyo ni Paul Ehrlich, ambaye tangu ujana wake alishangazwa na jambo moja: ukiitia rangi katika kiungo cha mwili, rangi hiyo hushika seli za namna fulani na kuziacha nyingine. Akajiuliza, ikiwa rangi inaweza kuchagua, kwa nini sumu isichague? Mwaka 1904 yeye na msaidizi wake Mjapani, Kiyoshi Shiga, waliponya panya wenye wadudu wa jamii hiyo kwa rangi nyekundu iliyotengenezwa kwa makusudi hayo. Kisha Ehrlich akaigeukia atoksili, na pamoja na mkemia Alfred Bertheim wakafumbua umbo lake la hakika mwaka 1907, wakaanza kulibadilisha kidogo kidogo, mchanganyiko baada ya mchanganyiko, wakitafuta ule utakaomuua mdudu na kumsalimisha mtu. Mchanganyiko wa 606 ukawa dawa ya kaswende, ikauzwa tangu mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan. Tiba ya namna hiyo Ehrlich aliipa jina la tiba ya kemikali, na dawa kamili aliyoiwaza, ile inayokwenda moja kwa moja kwa adui na kupita kando ya kila kisicho adui, aliifananisha na risasi ya ajabu.

Kwa hiyo mgonjwa wa saratani anayelazwa leo na kutiwa dawa za kemikali mshipani anapokea tiba ambayo jina lake na fikira yake vilikua katika vita dhidi ya malale, na kambi za ziwa letu zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo sumu ya aseniki ilijaribiwa juu ya binadamu ili dunia ijue inafanya nini na inadhuru nini. Sisemi kwamba Ehrlich aliyatoa mawazo yake Kigarama. Aliyatoa katika akili yake na katika maabara yake. Nasema kwamba wenye macho yaliyozimika katika fuko hizi ni washiriki wa tarihi hiyo, ingawa majina yao hayamo katika orodha za kuwashukuru waasisi.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliitwaa nchi, na tabia ya kupenda sindano ikaenea. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika iliendesha kampeni za kutibu buba na kaswende kwa madini ya bismuthi, dawa iliyokuwa rahisi kuliko Salvarsan, na watu walioona vidonda vya buba vikikauka kwa siku chache walizifuata sindano hizo kwa hamu. Wamisheni nao walijenga. Walutheri waliasisi hospitali ya Ndolage, juu ya uwanda wa Kamachumu, mwaka 1928. Wakatoliki, ambao mapadre wao walikuwa wamefika Kashozi tangu mwaka 1892, walikuja kuwa na hospitali za Kagondo na Rubya katika nchi iliyo leo wilaya ya Muleba. Hospitali hizi zilizalisha wanawake, ziliunga mifupa, zilitibu malaria na vichomi, na fadhila yake haina kipimo. Lakini kwa habari ya saratani mikono yao ilikuwa mitupu. Tabibu aliweza kukata uvimbe ulio karibu na ngozi. Ulio ndani aliujua kwa kupapasa, na aghalabu aliujua ukiwa umekwisha kukomaa.

Elimu ya saratani ya nchi za ziwa ilipata nuru yake ya kwanza jirani, mjini Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowashika watoto, na mwaka 1961 akasafiri na wenziwe wawili kwa gari la kukuukuu kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali ili kujua uvimbe huo unapatikana wapi. Waliona kwamba unafuata joto na mvua, kama malaria inavyofuata. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba uvimbe huo ulisalimu amri kwa dawa za kemikali. Watoto ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibika walitiwa sindano chache, na uvimbe ukayeyuka mbele ya macho ya wazazi wao. Mwaka 1967 taasisi ya saratani ikafunguliwa Uganda. Mwaka ule ule wa 1961 Kampala ilikuwa imewakusanya wataalamu wa nchi nyingi kuzungumza juu ya saratani nyingine, ile iliyoandikwa kwanza na Moritz Kaposi wa Vienna mwaka 1872, inayoonekana kama mabaka ya zambarau ngozini, ambayo katika nchi zetu ilikuwa ikiwapata hasa wanaume watu wazima na kwenda nao polepole kwa miaka.

Kisha ukaja mwaka 1983. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na kwa miaka iliyofuata hapakuwa na kijiji cha Bukoba wala cha Muleba kisichochimba makaburi ya vijana. Kabla watu hawajalijua jina la kitabibu, waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanya biashara wa mpakani. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, waliwapima watu wazima wa mkoa, wakakuta asilimia 24.2 ya watu wa mji wa Bukoba wana virusi, na asilimia 10 katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Pamoja na ukimwi ilikuja saratani ya Kaposi kwa sura mpya: katika nchi za ziwa haikuwa tena maradhi ya wazee yanayokwenda pole, iliwashika vijana, ikaingia vinywani na vifuani mwao na kuwaua kwa miezi. Virusi vinavyoisababisha vilitambuliwa mwaka 1994. Saratani ya mlango wa kizazi nayo, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote, huenda kwa kasi zaidi kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na ukimwi.

Kwa sababu hiyo watu wa Kagera wanaijua saratani kwa karibu, na wanaijua taabu ya kuitafutia jina. Mwanamke wa kijiji cha Muleba anayetokwa na damu isiyo ya kawaida huanza katika zahanati, hupelekwa Rubya au Ndolage, na huko, akipata bahati, mlango wa kizazi hupakwa siki na kutazamwa kwa macho, kipimo sahala na cha thamani kubwa. Pakionekana doa la kutia shaka, kinyama kidogo hukatwa kikapelekwa katika maabara yenye mtaalamu wa kukisoma, aghalabu hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Majibu yakirudi na kuthibitisha, mgonjwa mwenyewe huifuata njia ya kinyama chake: hupanda basi au meli kwenda Bugando, ama husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo imekaa katika majengo ya hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka ule ule tauni ilipokuwa Kiziba. Nauli huuza ng'ombe, na kungoja hukuza uvimbe. Kielelezo bado kinasafiri, na mgonjwa bado anangoja.

Sasa ndipo tunapoweza kuzizungumzia maada nyembamba kwa haki, tukiwa na mizani mkononi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walichukua kinywe, madini meusi ya kalamu za risasi ambayo Tanzania imejaliwa kuwa nayo tele huko Mahenge na kwingineko, wakabandua tabaka zake kwa utepe wa gundi mpaka wakapata tabaka moja tu, kama mtu anayeuchana ukurasa mmoja kutoka katika kitabu. Tabaka hilo huitwa grafini. Unene wake ni kiasi cha theluthi moja ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Lakini gramu moja yake, ikikunjuliwa yote na pande zake mbili zikahesabiwa, ina eneo la mita za mraba zaidi ya 2,600. Wawili hao walipata tuzo ya Nobel mwaka 2010. Baada ya grafini zikafuata maada nyingine za umbo hilo: za molibdeni na salfa, za fosforasi nyeusi, na nyingine nyingi.

Wembamba huo ndio siri ya manufaa yake. Kwa kuwa karibu kila atomu iko juu, hakuna iliyojificha ndani, tabaka dogo hubeba dawa nyingi kuliko uzito wake ulivyo. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vipande vya grafini vinaweza kubeba dawa ya saratani ambayo kwa kawaida haiyeyuki majini. Wengine huyaunga matabaka hayo na molekuli zinazozitambua seli za uvimbe, au huyatengeneza ili yaachie dawa mahali penye uchachu, maana uvimbe wa saratani aghalabu una uchachu kuliko mwili wenye afya. Aidha, matabaka hayo hunywa nuru isiyoonekana na macho na kuigeuza joto: mwaka 2010 watafiti wa Suzhou, China, waliwatia panya vipande vya grafini, wakawaangaza kwa nuru hiyo, na uvimbe ukaungua. Kwa upande wa uchunguzi, tabaka lenye unene wa atomu moja huitikia mguso wa molekuli chache mno, na hapo ndipo linapotoka tumaini la vipimo vidogo vitakavyoiona alama ya saratani katika tone la damu. Hata madini ya zamani yamerudi kwa sura mpya. Aseniki, iliyowapofusha wagonjwa wa Koch, leo ni dawa thabiti ya namna moja ya saratani ya damu. Na bismuthi, iliyokausha vidonda vya buba, hutengenezwa matabaka membamba yanayouonyesha uvimbe katika picha za mionzi na kuuchoma kwa pamoja.

Hayo yote, hata hivyo, kwa sehemu kubwa yamethibitika katika vyombo vya maabara na katika panya. Hakuna grafini iliyo dawa ya kawaida ya saratani katika hospitali yoyote. Baadhi ya vipande hivyo hubaki katika ini, wengu na mapafu kwa muda mrefu, na wataalamu wangali wakichunguza madhara yake. Mwaka 2024 tu ndipo lilipochapishwa jaribio la kwanza la kuwavutisha binadamu oksidi ya grafini kwa uangalizi, watu 14 wenye afya waliojitolea Uingereza, nalo halikuonyesha madhara ya haraka. Mwenye saratani leo asingoje maada hizo. Siki, upasuaji, mionzi, dawa zilizopo, na chanjo ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchini kote mwaka 2018, ndivyo vinavyookoa maisha sasa.

Lakini elimu itakwenda mbele, na tarihi ya Kiziba na Kigarama inatufundisha tuipokee vipi. Kwanza, tofauti ya atoksili na jaribio lile la watu 14 iko katika ridhaa. Watu wale wa Uingereza walielezwa, wakakubali, wakachungwa. Wagonjwa wa Sese waliongezewa kipimo pasipo kuulizwa. Siku maada nyembamba zitakapotaka kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi au ya mlango wa kizazi, ambao ni wengi katika nchi hii, wagonjwa hao waelezwe kwa lugha wanayoifahamu, Kihaya kikihitajika kitumike, na kukataa kwao kuheshimiwe sawasawa na kukubali kwao.

Pili, manufaa yaanzie mahali penye uhitaji. Kipimo kidogo kinachosoma tone la damu kina faida ndogo katika mji wenye maabara kila mtaa; faida yake kubwa ni Rubya, Kagondo na zahanati za visiwa vya Muleba, ambako kingeikata njia ndefu ambayo vielelezo vyetu vimeitembea tangu zama za Zupitza. Anayefanya utafiti wa vipimo hivyo na akatengeneza chombo kinachohitaji umeme usiokatika, ubaridi wa daima na fundi kutoka ng'ambo, huyo ameisahau nusu ya kazi yake.

Tatu, wajuzi wawe wetu. Watu wa Kiziba waliitambua ishara ya panya kabla hadubini haijafika. Akili ya kuchunguza haikuletwa na boma la Emin Pasha. Nchi inayochimba kinywe na kukiuza kwa tani, na ambayo vijana wake wa Bukoba na Muleba wana sifa ya kupenda masomo tangu siku za shule za misheni, haina udhuru wa kubaki mnunuzi wa matabaka ya kinywe hicho hicho. Vyuo vyetu vifundishe kemia ya maada hizi, na hospitali zetu ziajiri wataalamu wa kusoma vinyama na damu karibu na wagonjwa, ili siku maada hizo zitakapokuwa tiba, wawepo wa kuzipima, kuzihukumu na kuzitumia.

Risasi ya Ehrlich haijatimia mpaka leo. Dawa za saratani bado zinaudhuru mwili pamoja na adui. Pengine maada nyembamba zitaikaribia shabaha hiyo kuliko chochote kilichotangulia. Zikiikaribia, watu wa mwambao huu wapewe nafasi yao kama wenye haki, kwa maana walitangulia kulipa. Na haki iliyolipwa kwa macho ya watu haisubiri hisani, hudaiwa kwa adabu, kwa elimu na bila kuchoka.